Wamekula, Mama

Yaya aliongeza kikombe cha maji kwenye uji, akakoroga, akaonja kwa ncha ya ulimi, kisha akaongeza nusu nyingine. Hapo ndipo penye kazi. Uji ukizidi wepesi, mtoto anauachia urudi kidevuni. Ukiwa mzito, unga wa kesho umeliwa leo. Alizima jiko uji ukiwa bado unafanana na uji.

"Dada, leo una sukari?" aliuliza mtoto wa kike kutoka mezani. Huyu alikuwa na umri wa miaka sita, na kwa kuwa hakuweza kukaa kimya, nyumba nzima ilimwita Maswali.

"Unayo, ila iko chini kabisa," alisema yaya. "Kunywa polepole utaifikia."

Maswali alikunywa polepole. Mdogo wake aliitwa Kibonge, jina alilopewa alipozaliwa na mapaja yenye mikunjo. Mikunjo ilishaondoka, jina likabaki. Alikuwa amekalishwa juu ya mto ili afikie meza, na alifungua mdomo kabla kijiko hakijatoka kwenye bakuli.

Mama yao alikuwa ameshakwenda kazini. Baba yao alikuwa safarini kikazi, safari ambayo kila simu ilizidi kuirefusha. Chakula cha wiki kililetwa Jumamosi kwenye mfuko mmoja, kikapangwa kabatini, na hapo yaya alitakiwa kujua la kufanya.

Kabla shule hazijafungwa, mfuko ulikuwa unatosha kwa kubanabana, maana Maswali alikuwa akila mchana shuleni. Likizo ilipoanza, mtoto alirudi nyumbani na tumbo lake, mfuko ukabaki vilevile. Yaya hakusema kitu. Shangazi yake, aliyemtafutia kazi hii, alikuwa amemuonya siku ya kumleta: "Mwambie mwenye nyumba bomba limeharibika, mwambie mtoto ameanguka, mwambie yote. Ila usimwambie kwake hakuna chakula. Hilo mtu hakusamehe."

Basi akaanza kutumia akili. Wali aliupakua kwenye sahani ndogo za vikombe, ili ujae hadi ukingoni. Viazi aliviponda, kwa sababu kiazi kilichopondwa kinaonekana kama viwili. Mkate aliukata mwembamba kiasi cha kuweza kumuona mtu upande wa pili. Aliwafundisha watoto kunywa maji kabla ya kula, "tusafishe njia," na wao wakadhani ni adabu. Mchana aliwalaza mapema na kuwaacha walale sana, maana mtoto aliyelala haombi kitu. Yeye mwenyewe alikwangua sufuria, amesimama kwenye sinki, wakiwa wamelala. Siku nyingine hakukuwa na cha kukwangua.

Kosa lake lilikuwa hilohilo: aliifanya kazi vizuri mno. Jumamosi moja mama alifungua kabati akakuta unga umebaki kidogo na mchele kiganja kimoja. Alifurahi. "Kumbe kile kilitosha na kubaki," alisema. "Dada, wewe una mkono wa baraka." Juma lililofuata akaleta pungufu. Yaya akabana zaidi, kikabaki tena kidogo, na mfuko ukapungua tena. Alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, na kila mchana simu ilipolia aliyachochea.

"Wamekula?" mama aliuliza.

"Wamekula, mama."

"Wote?"

"Wote."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya siku. Zamani kulikuwa na yaya wa nyumba ya pili, walikuwa wakisemezana juu ya ukuta huku wanaanika nguo, wanachekana, wanasengenya kidogo. Yule alirudishwa kwao. Tangu hapo yaya hakuwa na mtu wa kuongea naye aliyezidi kimo cha meza. Kuna siku alijikuta anaisimulia sufuria ndoto aliyoota, akanyamaza kwa aibu. Upweke wa nyumba ya watu ni mbaya kwa sababu humo ndani mnakuwa wengi.

Leo ilikuwa siku ya Kibonge kupimwa kliniki. Yaya alimfunga mgongoni, akamshika Maswali mkono, wakaenda.

Walikaa kwenye benchi pamoja na akina mama wenye watoto wao. Zamu yao ilipofika, muuguzi alimning'iniza Kibonge kwenye mizani, akaitazama mizani, akamtazama mtoto, akaigonga mizani kwa ukucha kana kwamba yenye makosa ni yenyewe.

"Huyu amerudi nyuma," alisema. "Wewe ndiye mama yake?"

"Hapana. Mimi ni yaya."

"Aa." Muuguzi aligeuka ili na benchi lisikie. "Nyinyi akina dada mtatuulia watoto. Mama anaacha uji wa mtoto, mnaunywa nyinyi. Anaacha maziwa, mnayamaliza nyinyi. Halafu mnatuletea mtoto kama kijiti."

Mwanamke mmoja kwenye benchi alicheka kidogo, wa pembeni yake akaguna. Yaya alimvisha Kibonge shati. Kifungo kikagoma kuingia. Angeweza kusema. Lakini angesema nini bila kumvua nguo mama wa watoto mbele za watu? Na akiitwa mwizi wa uji wa mtoto, nani atamfungulia mlango tena, hapa au kwingine? Aliinamia kile kifungo mpaka kikaingia.

"Nipe simu ya mama yake," alisema muuguzi, na yaya akaisoma namba.

Njiani Maswali alikuwa kimya, jambo ambalo si la kawaida. Walipokaribia getini akauliza, "Dada, uji wa Kibonge ulikuwa unakunywa wewe?"

"Hapana."

"Sasa huo uji ulikuwa unakwenda wapi?"

Yaya alifungua geti. Swali hilo liliuma kuliko maneno ya muuguzi, kwa kuwa mtoto hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu.

Mama alirudi mapema, jua likiwa bado kali. Aliingia moja kwa moja jikoni na mkoba begani, akafungua kabati na kusimama mbele yake. Mlikuwa na mchele wa kupika mara mbili kwa kubana, maharage ya kuzidi kidogo, na unga wa kesho asubuhi.

"Nimeaibishwa kazini leo," alisema bila kugeuka. "Simu nimeipokea mbele ya watu. Eti mwanangu hali."

Maonyo ya shangazi yalimpita yaya kichwani, akayaacha yapite. "Mama, chakula hakitoshi. Tangu likizo ianze hakitoshi."

"Hakitoshi?" Sasa mama aligeuka. "Kila siku nakuuliza wamekula, unaniambia wamekula."

"Walikuwa wamekula."

"Na kila Jumamosi nakuta kimebaki."

"Nilikuwa nabakisha, mama. Nilikuwa naogopa Ijumaa."

Mama alivuta stuli akakaa. Uso wake ulikuwa umechoka, na yaya aliona kwa mara ya kwanza kwamba hata yeye kola ilimpwaya shingoni. "Mimi nala kule kazini," alisema, sauti ikiwa chini. "Wanatupa chakula cha mchana. Mshahara ndio hawatupi, wanasema vumilieni. Nikimaliza ile sahani ya mchana, najiambia na kwangu wameshakula. Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia hivyo."

Laiti wangeishia hapo, wanawake wawili waliokuwa wakifichana jambo moja, pengine wangeshikana mikono. Lakini mama alikuwa amekuja na uamuzi wake tayari.

"Sisemi umeiba. Muuguzi amesema, mimi sisemi. Ila nimefikiri njia nzima. Tumekuwa wengi, dada. Tukipungua mdomo mmoja, hiki kilichopo kitatosha watoto. Jumamosi nitamwambia shangazi yako aje."

Yaya alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Mdomo mmoja. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mdomo huo ulipokula kitu kilichopakuliwa kwa mwiko, akashindwa.

"Sawa, mama," alisema.

Kisha akatoa mchele wote na maharage yote kabatini. Hakupima. Aliosha, akabandika, na maharage yalipoiva hakuyaongeza maji ya kuyadanganya. Mama alimtazama kutoka kwenye stuli.

Harufu iliwatoa watoto chumbani. Yaya alishusha sahani kubwa, zile za wageni, akampakulia Kibonge kwanza, kisha Maswali, rundo kwa rundo, mchuzi mzito juu yake. Kibonge alikula kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyewaambia wanywe maji kwanza.

Halafu yaya alishusha sahani ya tatu. Alikwangua sufuria hadi chini, akajipakulia, akavuta kiti cha mezani, akakaa katikati ya watoto. Alikula bila haraka. Wali ulikuwa wa moto ukamuunguza ulimi, na machozi yakamtoka, akayaacha yateremke.

Maswali aliacha kijiko chake hewani. Alimtazama yaya kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, tazama," alisema. "Kumbe dada naye anakula."

Yaya alimeza, akachota kijiko kingine.