Bata wa Harusi wa Mzee Deok-su

Bonde zima lilijua kwamba bata bukini wa harusi hachongwi na mkono wowote tu. Bukini wa porini akishapata mwenzake hamwachi mpaka kufa, na bwana harusi anapomkabidhi mama mkwe bukini wa mti, anaahidi hayo hayo. Basi mchongaji sharti awe mume wa mke mmoja, mwenye watoto wa kiume, na asigombane na mtu kazi ikiwa mkononi. Mzee Ok Deok-su alikuwa na sifa zote, na hiyo ya mwisho aliishika kuliko mila yenyewe ilivyotaka. Ili asigombane na mkewe, hakuzungumza naye kabisa.

Mwanzoni zilikuwa siku chache tu. Kisha sifa zikaenea, oda zikamiminika, na bata mmoja akikauka rangi, mwingine keshaanza kuchongwa. Mkewe, Bun-rye, akaishia kuzungumza na kuku.

Asubuhi hiyo mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, na makundi ya bukini yalikuwa yakishuka mashambani. Bun-rye alisimama mlangoni na furushi kichwani.

"Baba Jin-ho, naenda kwa dada yangu. Sirudi. Labda wewe uniambie nibaki."

Deok-su alikuwa anachonga shingo, mahali ambapo kisu kikiteleza kazi yote imeharibika. Akainua kiganja: ngoja kidogo.

"Ningoje nini? Mpaka umtie na macho? Gogo hilo unalipapasa tangu alfajiri, mimi hata 'supu haina chumvi' siambiwi!"

Deok-su alimpenda mkewe, tena sana. Lakini alimjua: ukimjibu neno moja anakurudishia kumi, naye Deok-su asingekubali kushindwa, na hapo bata wa watu keshaingia nuksi. Acha amalize shingo kwanza, kisha atasema yote.

Alipomaliza akaweka kisu chini. "Mama Jin-ho, baki. Nakuomba."

Kuku ndio waliogeuka.

Bata alipokauka rangi, mama wa bwana harusi alikuja kumchukua, akamkuta Deok-su amekaa palepale. Akampokea bata kwa mikono miwili, akatega sikio.

"Jamani, utulivu huu! Kwangu ni makelele kutwa. Mkeo yuko wapi?"

"Ameondoka, mama. Ameniacha."

Yule mama alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mzee, una utani! Wewe uachwe?" Akamfunga bata kwa kitambaa chekundu. "Mwanangu na mkewe wakiishi kama ninyi wawili, sina ninachotaka tena."