Mamilioni ya Dada Rosebellah

Kikundi cha Ijumaa cha wanawake Wakenya wa Kandara, mtaa wa Jeddah kule Saudia, kilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeikiuka. Kila anayejiunga huacha picha ya ikama yake, yaani kibali cha ukaazi, na ya pasipoti yake kwa mwenzao mmoja waliyemchagua. Simu ya mtu ikizimika ghafla, au kafili, mwajiri aliyemdhamini, akimhamishia mji mwingine bila kumwambia yeyote, angalau yuko mtu anayejua jina lake kamili, namba yake, na pa kuanzia kumtafuta. Mwaka huo mtu huyo alikuwa Damaris, Mama Nekesa, yaya katika nyumba moja ya Al-Nuzha, na zile picha alizilinda kama alivyolinda usingizi wa mtoto.

Ndiyo maana alishtuka siku binamu yake Rosebellah alipompigia kutoka Riyadh kuziomba.

"Mama Nekesa, umekaa ama umesimama?"

"Nimesimama, dada. Nakunja nguo za mtoto."

"Basi kaa chini. Umaskini umetuacha leo asubuhi, hata haukuaga."

Rosebellah alikuwa msusi katika saluni ya wanawake pale Al-Sulimaniyah, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole vyake. Ndiye aliyemlipia Damaris masomo ya jioni kule Webuye, enzi hizo Nekesa angali ananyonya na Damaris anaandika huku akimtikisa mgongoni. Kumwambia huyu hapana lilikuwa jambo ambalo Damaris hakuwahi kulijaribu.

Utajiri wenyewe ulikuwa kwenye simu. Ilikuwa kasino ya mtandaoni ya Wamarekani, na akaunti ya Rosebellah ilikuwa imejaa koini za dhahabu, mamilioni kwa mamilioni. Mkenya mmoja kwa jina Hezekiah, ambaye hawakuwahi kuonana ila kwa ujumbe wa simu, ndiye aliyemfungulia. Kilichobaki ni kuzitoa, na kuzitoa kulihitaji ikama za marafiki.

"Wewe unazo za wenzako wote. Nitumie tu, kila mtu atapata mgao wake. Ijumaa nakuja Jeddah tusherehekee."

"Lakini dada, kamari huku..."

"Nani amesema kamari? Ni bahati nasibu, ya bure kabisa! Wameandika wenyewe kwamba si lazima ununue kitu."

"Basi acha kwanza nisome."

"Usome nini? Nilikulipia masomo uyasome yako, si unisomee mimi!"

Wakacheka wote wawili. Lakini simu ilipokatika, kicheko cha Damaris kilikatika pia. Akizituma zile picha, amewauza wenzake. Akikataa, amemvunja moyo aliyemshika mkono. Alichoweza kufanya kabla ya Ijumaa kilikuwa kimoja tu: kuelewa.

Lulwa, mtoto wa madam, alipolala mchana, Damaris alifungua ukurasa wa masharti ya ile kasino. Kiingereza cha hapo kilikuwa kirefu kama foleni ya malori mpakani. Akakumbuka ushauri wa mwalimu wake wa jioni: usilitazame neno lilivyovaa, liulize linafanya kazi gani. Akaanza kuyahoji maneno moja moja, kama mama anayehoji watoto nani amemaliza sukari.

Koini za dhahabu, nyinyi kazi yenu nini? Kuchezea. Mnaweza kugeuka pesa? Kamwe, masharti yakajibu. Haya, na nyinyi koini za zawadi? Hizi hutolewa kama nyongeza, hata bila kununua, na ndizo pekee zinazoweza kubadilishwa. Hata hivyo si hivi hivi. Sharti kwanza uzichezee, na kile utakachoshinda kwazo ndicho unachoruhusiwa kukomboa, yaani kukigeuza pesa halisi. Na uhakiki? Mwenye akaunti athibitishe kwamba yeye ni yeye, kwa kitambulisho chake mwenyewe. Mwisho kabisa lilikuwepo fungu la nani anaruhusiwa: wakazi wa majimbo fulani ya Amerika. Damaris akapitisha kidole kwenye majina yote. Saudia haikuwemo.

Hapo akaliona kosa la dada yake, na akamhurumia, maana hata yeye angelifanya. Kwa Mkenya, namba iliyo kwenye simu ni pesa. Kwa namba hiyo unanunua unga, unalipa karo, unatoa mchango wa matanga. Nani amewahi kuwaambia kwamba namba yaweza kung'aa kama pesa na isinunue hata kiberiti?

Jioni alimpigia binti yake Nekesa, kule nyumbani Kenya. "Mama," mtoto akasema akihema kwa furaha, "leo nimesoma jina lako lote, peke yangu!"

"Hongera, mama. Na mimi leo nimesoma."

Ijumaa ikafika. Madam alimpeleka Kandara mwenyewe, miwani ya jua usoni, mkono mmoja kwenye usukani, yeye ambaye miaka michache nyuma, kabla wanawake hawajaruhusiwa kuendesha gari, hangeweza kwenda popote bila dereva. "Haya, yalla, Damaris. Nitakuchukua kabla ya Magharibi."

Wanawake walikuwa wamejaa katika chumba cha mwenzao Selipher, juu ya duka la masanduku ya safari, chapati zikigeuzwa na chai ikichemka. Rosebellah akaingia kutoka stendi ya basi, wigi jipya kichwani.

"Mamilionea wenzangu, salaam! Mama Nekesa, lete picha."

"Picha si zangu, dada. Wenyewe ni hawa hapa. Lakini kabla hawajaamua, tumpigie Hezekiah, tumsikie sote."

Rosebellah akamkazia macho, kisha akapiga, akaweka spika.

"Warembo wa Jeddah!" sauti ikanguruma. "Mko tayari kula maisha?"

"Karibu, kaka," Damaris akasema. "Koini za dhahabu zinakombolewa?"

"Aa, koini ni koini, dada."

"Masharti yao yanasema za dhahabu ni za kuchezea tu. Zinazokombolewa ni za zawadi. Dada Rose, angalia pembeni hapo. Za zawadi unazo ngapi?"

Rosebellah akaangalia. Akaangalia tena. "Sifuri," akasema polepole.

"Hizo zitaingia mkileta ikama!" Hezekiah akadakia.

"Uhakiki ni wa mwenye akaunti peke yake, tena awe mkazi wa Amerika. Ikama ya Selipher itathibitishaje kwamba Rosebellah ni Rosebellah?"

"Na hata hatufanani," Selipher akasema, mwiko hewani. "Mimi ndiye mrembo."

Chumba kikapasuka kwa vicheko. Hezekiah akapandisha sauti: "Nyinyi mayaya mnajua nini kuhusu..."

Rosebellah akaivuta simu karibu na mdomo. Sasa alikuwa yule yule wa saluni, asiyedhulumiwa na mteja.

"Hezekiah, nisikize. Kama kasino ni ya wakazi wa Amerika, ikama za Saudia unazitakia nini?"

Jibu likawa mlio wa simu iliyokatwa.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimtoa mwuza masanduku dukani, akapaza sauti kutoka chini akiwataka wanyamaze, "Halas, ya jamaa, halas!" Selipher akamjibu dirishani, "Mafi halas! Hakuna kunyamaza, leo ni sherehe!"

Rosebellah alikaa kitandani, akavua wigi, akajipepea nalo.

"Mamilioni yangu yamekufa nikiyatazama," akasema. "Bahati nzuri ikama yangu ilikuwa kwa kafili ikifanywa upya. Sikuwa na ya kumtumia, ndiyo maana akataka zenu. Nisameheni, wenzangu." Kisha akamgeukia Damaris. "Na wewe. Ile karo ya masomo ya jioni, leo imenirudia, tena na nyongeza."

Akafungua mkoba, akatoa ikama mpya, akaiweka mkononi mwa Damaris.

"Piga picha. Uiweke pamoja na za wenzako. Nikipotea kule Riyadh, nataka nitafutwe na wewe."

Damaris akainua simu. Machozi yalimfanya apige ya kwanza ikiwa na ukungu. Ya pili ilitoka safi, kila herufi ikisomeka.