Maneno Aliyoambiwa Mbabula

Wewe unayesikiliza, umewahi kukaa nyumba moja na mtu, ukampikia kila siku, usimwambie neno hata moja usoni?

Mama Eugénie aliishi hivyo na Zéphirin, mume wa binti yake Suzanne, katika kambi moja ya wafanyakazi wa migodi huko Likasi, miaka ile ya kampuni ya madini ya serikali, kabla watu hawajakatazwa majina ya ubatizo. Ukwe ulikuwa na heshima yake. Mama mkwe hamwiti mkwewe kwa jina, haingii chumba alimo, wala hamsihi. Akiwa na jambo humwambia mbabula, lile jiko la makaa la bati lenye matundu, na mkwe husikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mbabula, ambia mwenye nyumba bukari imeiva," Mama husema akiepua ugali.

"Mbabula, ambia mama mukwe nimesikia harufu yake tangu Kakontwe."

Huko Kakontwe, machimboni, ndiko Zéphirin alikovunja mawe ya chokaa, akarudi jioni nyusi nyeupe kama za mzee. Mama alicheka ndani ya kitenge chake. Alimpenda yule kijana kama aliyemzaa.

Mwaka huo baridi ya Juni ilikuja na gripi, ile homa kali ya mafua. Muuguzi Isidore aliwaeleza wanawake kwenye foleni ya dispansari, polepole, kwa mfano wa nguo.

"Ndui unachanjwa mara moja, basi. Gripi haiko vile, ni mwizi anayebadilisha kitenge. Sindano ya mwaka jana inamfahamu mwizi wa kitenge cha bluu, na huyu amekuja na chekundu. Hii mpya inamfahamu vizuri zaidi. Si wote itakaowakinga, wapo watakaougua vilevile. Lakini wengi wao wataugua kidogo, halafu watainuka."

Mama alichomwa, na Suzanne. Jioni akapepea makaa.

"Mbabula, ambia mwenye nyumba sindano mpya imefika."

"Mbabula, ambia mama ile ya mwaka jana iko bado mu mukono yangu, jirani na kovu ya ndui. Banataka kunifanya chujio?"

Mama akafungua mdomo. Maneno alikuwa nayo tayari, ya bluu na nyekundu, na ya kifua cha mtu anayevuta vumbi la mawe kutwa nzima. Lakini kumrudia mkwe mara ya pili ni kumsihi, na kumsihi ni kumwaibisha.

"Basi, mbabula, umesikia," akasema.

Alimtuma Suzanne. Suzanne akarudi akicheka. "Maman, si weye unamujua? Anasema Jumamosi."

Jumamosi ikapita.

Gripi ilipoingia nyumbani, Suzanne alikohoa, akainuka. Mama aliumwa mifupa, akainuka, akachota maji. Zéphirin hakuinuka. Kupitia ukuta, kifua chake kilisikika kama gunia la kokoto linaloburutwa. Walimpeleka hospitali, na kutoka hospitali wakamrudisha ndani ya sanduku.

Isidore alikuja kilioni, akachuchumaa karibu na mbabula alipokuwa Mama, kwa kuwa mahali pa mama mkwe ni nje, pamoja na wapishi.

"Ingemwokoa?" Mama alimuuliza.

"Sijui, mama. Pengine angekufa vilevile. Pengine angeugua kama weye, akainuka."

"Pengine," Mama akasema. Akapepea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Kisha akaweka pepeo chini, akaenda mlangoni.

"Mama, mule ni kwa mukwe," mwanamke mmoja akamwambia kwa sauti ya chini.

Aliingia. Wanawake wakajisogeza. Akapiga magoti kando ya sanduku na kumtazama uso kwa mara ya kwanza kwa karibu. Walikuwa wamemwosha, nyusi zake zilikuwa nyeusi kabisa, nyusi za kijana.

"Zéphirin," akamwita. "Zéphirin, mwanangu. Nenda dispansari. Nakuomba. Tutakwenda wote, huo mkono nitaushika mwenyewe."