Kitufe Chekundu

Redio kaseti ilikuwa imeonekana, lakini ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Fundi cherehani, ambaye wateja wake walimzoea kwa jina la Sindano, alisimama katikati ya ukumbi wa kuuzia vitu vya kale. Tangu asubuhi alikuwa amepekua kibanda baada ya kibanda: saa za ukutani zilizogoma, pasi za mkaa, masanduku ya bati, fremu zisizo na picha. Na sasa ilikuwa pale, hatua tatu mbele yake, mshikio wake umezungushiwa kitambaa cha maua alichokikata mwenyewe.

"Ndiyo yenyewe," mdogo wake alinong'ona.

"Nyamaza. Si wewe uliyeiuza?"

"Dada, ningejuaje kwamba kaseti ya mama imo ndani?"

"Ungefungua kimlango. Macho yako ni ya pambo?"

Katika kaseti ile mlikuwa na sauti ya marehemu mama yao, akiimba na kugomba siku moja akiwa kazini kwenye cherehani. Sauti yake nyingine haikuwepo popote duniani.

Ukumbi ule ulikuwa na sheria moja ambayo hata wageni waliijua kabla ya kumaliza kibanda cha pili: kitu kikiwa mkononi mwa mteja ni chake, hakuna mteja mwingine wa kukigusa wala kukitajia bei. Akikiweka chini, amekiachia. Na mtu yule, bwana mmoja wa kofia, alikuwa ameikumbatia redio kama mtoto mchanga.

"Inarekodi?" aliuliza.

"Swali gani hilo, mjomba? Tunajaribu hapa hapa," muuzaji alijibu. "Nitahesabu moja mpaka kumi, kisha ujisikilizie."

Sindano alipaza sauti. "Samahani, kaka, msirekodi! Kaseti iliyomo ni ya mama yetu!"

Muuzaji alicheka. "Dada yangu, humu kila anayependa kitu husema kilikuwa cha mamake. Juzi mmoja alililia birika, kumbe alitaka apunguziwe."

Akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodia, redio ikiwa bado mikononi mwa bwana. Hakikushuka. Akabonyeza tena, akachomoa kaseti na kuigeuza. "Aa, vijino vya nyuma vimevunjwa ili isifutike. Dawa yake kuziba matundu kwa selotepu."

Sindano alimkumbuka mama akivivunja kwa ncha ya mkasi. Sasa selotepu ilikatwa kwa meno, ikabandikwa, kaseti ikarudishwa. Muuzaji akavuta waya kuelekea kwenye soketi ya ukutani. Haukufika.

Haukuwahi kufika. Miaka yote mama alishonea kando ya ukuta kwa sababu ya waya ule.

"Mjomba, iweke hapa mezani mara moja," muuzaji alisema.

Bwana wa kofia akaiweka.

Sindano hakukumbuka alivyozimaliza zile hatua tatu. Alijikuta ameibana redio kifuani, waya ukining'inia.

"Wewe mama! Nimeiweka ili ijaribiwe!"

"Hata ungeiweka ili upige chafya," muuzaji alisema, akikuna kidevu. "Umeiweka chini, mjomba. Sheria ni sheria."

Bwana akaenda zake akisonya. Mdogo mtu alitoa pochi bila kuambiwa, akalipa mara mbili ya bei aliyoiuzia.

"Nijaribu kurekodi, dada, usije ukarudi kulalamika," muuzaji alisema.

"Thubutu!" Sindano alikuwa ameshaibandua selotepu kwa ukucha na kuirudisha kaseti ndani. "Chomeka tu waya. Nataka kusikiliza."

Utepe ukazunguka. Ukakwaruza. Kimya. Ukaendelea kuzunguka, kimya vilevile. Nani alijua jana ilijaribiwa na nani, kwa selotepu ya nani?

"Imefutika?" mdogo wake aliuliza.

Ndipo mkasi ukasikika, kacha, kacha, juu ya meza ya mbao. Kikohozi kidogo. Kisha sauti ya mama, kwa ukali ule ule:

"Nani amegusa chaki yangu?"

"Si mimi, mama," mdogo wake akaijibu redio.