Kanga Hutaga Wakati wa Mvua

Musembi alipofariki, mke wake Kavata hakulia. Aliwapikia waombolezaji chai, akaosha vikombe, akalala. Ukame wa 1984 ulikuwa umekausha Migwani yote, lakini kuku wake mmoja aliendelea kutaga chini ya kitanda, na Kavata hakuyaokota mayai.

"Usipoyaokota ataacha kutaga, ayaatamie," mama mkwe alimwonya.

"Acha ayaatamie, mwaitu," Kavata akamjibu mama huyo.

Vifaranga walipoanguliwa, Kavata aliwatazama tu, kana kwamba ni wa jirani.

Mvua ya Novemba ilipokolea, wawili hao walienda kupalilia mbaazi. Jembe la Kavata lilipogusa kichaka, kanga aliruka kwa makelele. Kwenye nyasi kulikuwa na mayai yake, madogo na magumu. Kanga si kama kuku. Yeye hutaga wakati wa mvua tu, na Musembi alipenda sana kuyatafuta mayai hayo.

"Musembi, kuja uone!" Kavata akaita.

Mama mkwe aliacha kulima, akainama chini. Kavata alisimama akingoja machozi. Hayakuja. Akakizunguka kile kiota, akaendelea kupalilia upande wa pili.