Gauni la Mirella katika Mji wa Udongo

Leoncio hakuwa mtu wa kuamini habari za vivuli. Alikuwa fundi viatu, na alipenda kusema kwamba wafu hawavai viatu, kwa hiyo hana biashara nao. Lakini binti yake Mirella alikuwa kitandani na homa tangu darasa lao lilipopelekwa kuutazama mji wa kale, na sindano za zahanati hazikusaidia kitu. Mfa maji haachi kutapatapa. Asubuhi hiyo alilikunja gauni la mtoto, akalitia kwapani, akamfuata mama mkwe wake.

"Ungenisikia mapema," alisema Doña Perpetua, akikanyaga tope bila huruma. "Mtoto kashtuliwa na magofu, wewe unamnywesha dawa ya kikohozi."

"Daktari alisema ni kifua, mama."

"Alimuuliza alianguka wapi? Hakumuuliza. Daktari gani huyo?"

Mirella mwenyewe alikuwa amesema. Alikimbizana na wenzake kwenye uwanja mmoja wa ule mji, akajikwaa mbele ya ndege aliyechongwa ukutani, ndege mwenye samaki mdomoni, akaona giza. Pwani ile kila mtu anajua maana yake: kivuli cha mtoto kimebaki palepale alipoanguka, na hatapona kisipoletwa nyumbani. Mzazi sharti aende mahali penyewe na nguo ya mtoto, amwite kwa jina, kisha aibebe nguo hadi nyumbani bila kusema na mtu wala kugeuka nyuma. Akifungua mdomo njiani, kivuli kinarudi kule magofuni, na hakiitwi mara ya pili.

Langoni mlinzi Cirilo aliwanyooshea mikono. "Leo haingii mtu. Hamkuiona mvua?"

Nani asiyeiona? Nchi ile mvua ni hadithi ya mababu, lakini mwaka huo bahari ilipata joto, na mbingu zikamwaga wiki nzima bila aibu.

"Cirilo, kamasi zako nilizipangusa mimi," alisema Perpetua. "Hebu sogea huko."

"Doña Perpetua, sikatai. Ila hakuna cha kuona."

"Nani kakwambia tumekuja kuona?"

Cirilo akaliona gauni. Akavua kofia, akafungua lango.

Hakuwa amedanganya. Kuta za udongo zilizojengwa na wazee wa kale, kabla Wainka hawajashuka kutoka milimani na kujiita mabwana, zilikuwa zimelainika na kuporomoka. Turubai za serikali zilifunika hapa na pale. Ndege hakuna, samaki hakuna. Tope tupu.

"Yule ndege yuko wapi?" aliuliza Leoncio.

Cirilo alionyesha kulia, akasita, akaonyesha mbele. "Viwanja vyote vilifanana, bwana. Hiki nilikuwa nakijua kwa ndege wake."

Leoncio akamgeukia mama mkwe. "Niitie wapi, mama?"

Mwanamke yule aliyekuwa na jibu la kila kitu alitazama lile tope, kisha akayatazama mabaki ya kuta. "Sijui, mwanangu."

Jibu hilo lilimtisha Leoncio kuliko homa yenyewe. Alipiga magoti, akatandaza gauni. "Mirella! Twende nyumbani, mama." Akasogea. "Mirella! Usibaki huku." Akasogea tena, na tena, akiita kila pembe, magoti yote tope, sauti ikimkauka. Alijiona mjinga, akaendelea kuita. Mwishowe Perpetua alimgusa bega na kumwonyesha njia.

Walitembea kimya. Karibu na mashamba ya miwa simu ikalia mfukoni. Ilikuwa Nelida, mkewe. Perpetua alitikisa kichwa haraka: usipokee. Ikakatika, ikalia tena. Ikakatika, ikalia. Bibi yule akasimama katikati ya njia, machozi yakimtiririka.

"Pokea, Leoncio," alisema. "Achana na kivuli. Pokea tu, mwanangu."

Leoncio, yule asiyeamini, alikaza meno na kutikisa kichwa. Alilibana gauni kifuani, akaongeza mwendo. Alijua. Lakini maadamu hajaambiwa, mtoto alikuwa bado hai, na yeye alikuwa bado anamrudisha.

Kwenye kona, jirani yao mmoja alimjia, mikono imenyooshwa, mdomo ukifunguka kusema. Leoncio akampita. Wanawake walikuwa wameshajaa uani. Nelida alikuwa ameketi kizingitini, nywele ovyo.

"Ulikuwa wapi?" alilia. "Alikuwa anakuita! Mpaka mwisho alikuwa anakuita!"

Hakumjibu. Aliinama akapita, akaenda hadi kitandani, akalitandaza gauni juu ya kifua ambacho hakikupanda tena wala kushuka. Akainyoosha kola kwa vidole vyenye tope. Sasa desturi ilimruhusu kusema.

"Mirella," alisema. "Tumefika."