Nyundo kwa Kinyozi

Jamani, kuna habari za kumwambia mtu aliyeshika mashine ya kunyolea, na kuna za kusubiri amalize. Nyundo, mshambuliaji aliyefungia timu moja mabao kwa miaka saba, hakusubiri.

Wakala wake alishapanga kila kitu. Saa kumi jioni angetambulishwa kwa watani wa jadi, timu ya upande wa pili wa mji. Avae jezi mpya, atabasamu, na video ya kuwaaga wa zamani irushwe mtandaoni. "Mpaka hapo, funga mdomo," alimwonya. Lakini Nyundo hakuogopa kuzomewa, hiyo ni sehemu ya kazi. Hofu yake ilikuwa mama yake. Kila mechi mama hukaa jukwaani katikati ya mashabiki wa timu anayoihama, na marafiki wengine hana. Nyundo alipovunjika mguu, wao ndio waliopokezana kumpeleka mama hospitali kumwona miezi mitatu mizima. Sasa wangemtazama kwa jicho gani?

Basi asubuhi akaenda kwa kinyozi, mwenyekiti wa tawi la mashabiki haohao. Akafungwa shuka shingoni, mashine ikapita upande wa kushoto. Hapo uvumilivu ukamwisha.

"Mwenyekiti, nahama. Naenda kwa watani."

Mashine ikazimwa. Kinyozi akatoka nje, akasimama mlangoni mikono kiunoni. Nyundo akabaki mbele ya kioo, nusu kichwa kina nywele, nusu hakina, na jioni kamera zinamsubiri. Weee! Ungemwona, mbavu zingekuuma kwa kicheko.

Kinyozi akarudi, macho mekundu. "Kwa nini unaniambia mimi?"

"Sikutaka uione kwenye simu, kaka. Nilikosa penalti ya fainali, mkanisindikiza mpaka nyumbani mkiimba. Nitawalipa nini mimi? Nina asante tu."

"Asante nimeipokea," kinyozi akasema, akiwasha mashine. "Ila ukitufunga, nitakuzomea mpaka sauti inikauke."

"Haki yako."

Akamnyoa taratibu, akizunguka sikio kwa uangalifu wa siku zote. Nyundo akajikaza. "Na mama je? Atakaa wapi?"

Kinyozi akashangaa kwelikweli. "Kwani na yeye kasajiliwa?"

Nyundo akavuta pindo la shuka akajifuta machozi, na nywele zote zikamganda usoni.